Kikundi cha Majirani wa Walukuba: Cherehani ya Mama Sauda

Mama Sauda, saa 8:05 mchana
Assalamu alaykum, majirani zangu. Wiki iliyopita niliweka Facebook picha za cherehani yangu ya miguu, ile yenye meza, kwa bei ya shilingi 650,000. Leo kuna mtu anayesema yuko Kampala, naye ameikubali bei yote. Hawezi kufika Jinja, bali atanitumia fedha kwa simu na kumtuma kijana wa bodaboda aichukue na kuipeleka stendi ya teksi. Naomba ushauri wenu, kwa sababu fedha hizi ndizo karo ya Sauda ya muhula huu.

Mwalimu Yusufu, saa 8:11
Waalaykum salaam, Mama Sauda. Mtu anayenunua cherehani iliyotumika miaka mingi, asiulize kama inashona wala asiombe kupunguziwa hata shilingi elfu kumi, mimi ananitia wasiwasi. Muulize kwa nini asimtume fundi au ndugu yake aje aikague kwanza.

Baba Issa (wakala), saa 8:19
Naungana na Mwalimu. Mimi nakaa kwenye kibanda cha MTN na Airtel kutwa nzima, na wanaokuja wakilia ni wale walioonyeshwa ujumbe wakadhani wameonyeshwa fedha. Ujumbe mfupi mtu yeyote anaweza kuuandika. Mali isitoke mlangoni mwako mpaka wewe mwenyewe, kwa simu yako, uwe umeangalia salio.

Mama Sauda, saa 8:31
Ndugu zangu, sikuwa hata nimemjibu, na kijana wa bodaboda amekwisha kufika! Ujumbe nao umeingia sasa hivi, naunakili kama ulivyo: "Umepokea shilingi 650,000. Salio lako jipya ni shilingi 650,000. Asante kwa kutumia huduma yetu." Huyo bwana ananipigia simu mfululizo, anasema teksi inaondoka na mimi ndiye ninayemchelewesha.

Baba Issa, saa 8:32
Usimpe kitu, Mama Sauda. Je, ujumbe umetoka kwenye jina la huduma au kwenye namba ya kawaida ya simu? Hata kama ni jina la huduma usilitegemee, maana majina nayo huigwa. Piga *165# ya MTN, ingia kwenye akaunti yako, usome salio. Usipige namba yoyote aliyokupa yeye.

Mama Sauda, saa 8:37
Umetoka kwenye namba ya kawaida. Nimeangalia salio, nina shilingi 14,300, zilezile zilizobaki jana nilipomaliza kununua umeme wa Yaka. Mikono inanitetemeka.

Baba Issa, saa 8:39
Sasa usome tena ule ujumbe. Ulikuwa na 14,300, kwa hiyo baada ya kupokea 650,000 salio lingekuwa 664,300. Yeye ameandika 650,000 kamili, kwa sababu hakujua kwamba ulikuwa na akiba yoyote.

Mama Sauda, saa 8:43
Amepiga tena, na safari hii kwa sauti ya upole. Anasema mtandao una hitilafu, fedha zimekwama njiani, na kwamba utatokea ujumbe kwenye kioo cha simu ambao natakiwa niukubali kwa kuweka namba yangu ya siri ili fedha zifunguliwe.

Bi Rehema, saa 8:44
Kata simu, dada yangu, tafadhali. Kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri hata kidogo. Namba ya siri ni ya kutoa. Ukiiweka pale, hizo 14,300 zako nazo zitaondoka.
Sikuwahi kulisimulia jambo hili hapa kikundini kwa sababu ya aibu, lakini leo nitalisema. Mwaka jana nilikuwa nauza makochi, na mnunuzi akaniletea ujumbe unaoonyesha kwamba amelipa 300,000 zaidi ya bei. Akanipigia akiniomba kwa jina la Mungu nimrudishie ziada, kwamba mtoto wake yuko hospitalini. Nilimhurumia, nikamtumia 300,000 kutoka kwenye akiba yangu halisi, ilhali zile zake hazikuwahi kufika. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia amekosea kutuma, namwambia azungumze na kampuni yake ya simu, nayo ndiyo irudishe.

Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), saa 8:52
Nimefika kwa Mama Sauda na nimezungumza na kijana wa bodaboda. Tunamfahamu, ni wa stendi yetu, naye amekodiwa kwa simu na mtu asiyemjua kwa ahadi ya kulipwa mzigo ukifika. Nawaomba msimlaumu, kwani naye amepoteza mafuta yake, na nimempa nauli ya kumrudisha stendi. Mama Sauda, usiufute ujumbe huo wala orodha ya simu zilizoingia. Laini zote nchini husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo namba hiyo ni mahali pa polisi kuanzia, na udanganyifu wa namna hii umo katika sheria ya mwaka 2011 inayohusu matumizi mabaya ya kompyuta. Kesho asubuhi nitakusindikiza kituoni.

Mama Sauda, saa 9:20 alasiri
Mungu awalipe kheri nyote. Hata hivyo cherehani bado nataka kuiuza, kwa sababu shule haitangoja. Kuna fundi mmoja, mama wa Iganga, aliyeandika tangu juzi akitaka kuja Jumamosi kuijaribu kwa kitambaa chake mwenyewe, na anatoa 600,000. Nilimpuuza kwa tamaa ya zile 650,000. Akija, nipokee malipo kwa njia gani?

Mwalimu Yusufu, saa 9:27
Huyo ndiye mnunuzi. Hundi usikubali kutoka kwa mtu usiyemjua, kwa sababu inaweza kuonekana kwenye akaunti yako leo na kurudishwa baada ya siku kadhaa, wakati cherehani imekwisha kwenda. Picha ya risiti ya benki nayo haina uzito. Akitaka kulipa kwa benki, uliza kama ni EFT au RTGS, yaani njia mbili za kuhamisha fedha kati ya benki: EFT hupitia kwanza mkusanyiko wa malipo ya benki mbalimbali, kwa hiyo itakubidi usubiri, ilhali RTGS hukamilika moja kwa moja, ingawa ada yake ni kubwa mno kwa mali ya bei hii. Kwa vyovyote vile, mpigie mhudumu wa benki yako mwenyewe kabla ya kukabidhi mali.

Bi Rehema, saa 9:30
Je, fedha taslimu mkononi hazitoshi? Mimi nazipenda kuliko njia zote.

Baba Issa, saa 9:41
Zinatosha, Bi Rehema, ila noti bandia zipo, na mama anayehesabu fedha peke yake mbele ya mgeni sebuleni kwake hana utulivu wa kuzikagua. Pendekezo langu ni hili. Mama wa Iganga aijaribu cherehani barazani kwa Mama Sauda, Mwenyekiti akiwepo. Akiridhika, waje wote wawili kibandani kwangu na cherehani ibaki nyumbani. Akiwa na fedha taslimu, nitazikagua noti moja moja na kuziweka kwenye akaunti ya Mama Sauda. Akilipa kwa simu, Mama Sauda ataangalia salio, kisha atazitoa palepale. Kuzitoa ni muhimu, kwa sababu mtumaji anaweza baadaye kudai kwamba alikosea namba, na fedha zikikutwa bado kwenye akaunti zinaweza kuzuiwa madai yakichunguzwa.
Kutoa kuna gharama yake. Ile kodi ya fedha za simu iliyoanza 2018 ni asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, yaani shilingi 3,000 kwa 600,000, na juu yake kuna ada ya kampuni. Mpatane mapema nani atazibeba.

Mama Sauda, saa 9:55
Nimempigia simu na kumweleza yote, nikihofu kwamba ataona namshuku. Amesema hata yeye alikuwa na hofu ya kusafiri na fedha nyingi kwenda nyumba asiyoijua, na kwamba kukutana kibandani kunampa amani. Atalipa kwa simu, na gharama za kutoa tutagawana nusu kwa nusu. Baba Issa, utakuwa na fedha taslimu za kutosha?

Baba Issa, saa 10:02
Jumamosi asubuhi huwa nina floti (fedha za kwenye simu) tele na taslimu kidogo, kwa sababu wauza samaki wa Masese hutoa fedha mapema. Njooni baada ya saa sita mchana, nami nitakuwa nimekuwekea 600,000 kando tangu Ijumaa.

Mwenyekiti wa LC1, saa 10:06
Saa sita na nusu nitakuwa barazani kwa Mama Sauda. Nitakuja na kitabu tuandikiane mauziano, majina na saini za pande zote mbili.