Msumari wa zamani unatoa majimaji ya kutu, naomba ushauri

Baharia_Pongwe: Wakuu, nina msumari wa zamani, urefu kama kidole cha kati. Nilipoupata ulikuwa mkavu, mweusi. Huu mwezi wa pili niko nao Tanga, kila asubuhi naukuta na vijitone vya rangi ya chai na ganda linabanduka. Nifanyeje usiishe?

FundiMlango: Mafuta ya nazi, maliza. Mimi nimekarabati milango Mji Mkongwe miaka kumi. Kuna bibi mmoja alinizuia nisiguse njumu hata moja, akanilisha wali wiki nzima, hela hakunipa mpaka leo.

Kiroboto: Msumari mmoja wa nini wakati dukani unapimiwa kilo? Umeutoa wapi?

Baharia_Pongwe: Si muhimu sana, mkuu.

Kiroboto: Basi na ushauri si muhimu.

Baharia_Pongwe: Haya. Nilikuwa stuadi meli ya watalii. Januari tulishuka Cape Evans, Antaktika, penye nyumba ya mbao ya Kapteni Scott, ya 1911. Yeye na wenzake wanne walifia barafuni 1912 wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Makopo yao bado yamo rafuni na harufu ya mafuta ya sili haijatoka. Msumari niliumulika kwa tochi ya simu kwenye zizi la farasi, uko chini, haujashika kitu. Nimeuokoa tu. Jana nimeuloweka kwenye siki.

MamaWawili: Umeuokoa au umeuiba? Pale ni marufuku kuokota hata kibanzi. Wahifadhi wa New Zealand wanatibu kopo mojamoja na kulirudisha mahali pake, wewe unatia mfukoni! Ndiyo maana unalia, unataka kwao.

Maabara_Tu: Siki acha leo hii. Chuma kimenyonya chumvi ya bahari. Kule kutu ipo pia, ila baridi inaipunguza mwendo; joto na unyevu wa Tanga vimeiamsha. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Chumvi yenyewe hutolewa maabara, inachukua miezi.

Baharia_Pongwe: Ahsante. Haraka yangu ni kwamba kuna mtu Dar keshanipa nusu ya hela.

MamaWawili: Sasa tumefika!

Kiroboto: Chai hii. Januari kule jua halizami, tochi ya nini? Na stuadi anashukaje na watalii, vitanda anatandika nani?

Baharia_Pongwe: Zizini giza hata mchana. Kuna mpaka mifupa ya mbwa mle. Zamu yangu ilikuwa imeisha, tuliingia kwa makundi, viatu vimepigwa brashi.

Kiroboto: Picha?

Baharia_Pongwe: Simu iliingia maji.

Kiroboto: Nilijua. Ongeza na tangawizi.

FundiMlango: Hata kama ni chai, mafuta ya nazi hayajakosea.