Kundi la familia: WAJUKUU WA MAGAMBA

JUMAPILI

Zuhura, 20:02
Hodi humu ndani 🙋🏽‍♀️ Shkamoo Mama, shkamoo Mjomba, shkamoo Shangazi. Shule zimefunga na mimi nimepata likizo. Si mnakumbuka tulivyosema siku ya harusi? Mwaka huu watoto wanapanda Lushoto. Ratiba naiweka sasa hivi.

Zuhura, 20:04
Alhamisi alfajiri tunatoka Dar, mchana tunashuka Soni kuangalia maporomoko. Ijumaa asubuhi Irente, mchana msitu wa Magamba. Jumamosi Mtae, tunalala huko. Jumapili tunarudi Lushoto sokoni. Jumatatu tunashuka.

Salum, 20:05
Dada, hii ni likizo au mbio za Mwenge? 😂

Mjomba Rashidi, 20:09
Marahaba. Ijumaa saa saba mimi nitakuwa msikitini, siyo msituni. Andika hilo.

Neema, 20:11
Marahaba kwa wadogo, shkamooni wakubwa. Wifi, mimi sina neno, ila Nasra ana miezi minane. Huko baridi ikoje saa hizi?

Shangazi Halima, 20:20
Marahaba wanangu. Leo alfajiri nimekamua ng'ombe vidole vimekufa ganzi, sijui nakamua chuchu au nakamua hewa. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Jua likitoka linachoma, watoto wanavua masweta wenyewe. Ikifika saa kumi na moja jioni baridi inarudi kama mdai.

Hamza, 20:22
Usiku inafika nyuzi kumi, siku nyingine chini ya hapo. Na sisi hapa Tabata ikiwa ishirini tunatafuta soksi.

Mjomba Rashidi, 20:26
Mji wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Magamba ni juu zaidi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, mfalme wao. Walikuwa wanakimbia joto la pwani. Ninyi mnalikimbia na mtoto wa miezi minane mgongoni.

Salum, 20:27
Mjomba ashaanza historia. Nani alimpa bando 😂

Shangazi Halima, 20:31
Hiyo Mtae iondoeni. Kwenda na kurudi ni siku nzima ndani ya gari. Mtoto wa miaka minne ataona nini Mtae ambacho hajakiona kwenye kiti cha mbele?

Zuhura, 20:33
Shangazi, lakini kule ukisimama ukingoni unaona nyika yote...

Shangazi Halima, 20:34
Na Irente unaona nyika yote, na ni karibu na mjini. Chini pale Mazinde, mashamba ya mkonge, mabasi kama siafu. Ila msiende asubuhi. Mtaona ukuta mweupe mrudi. Nendeni saa nane. Na kila mtoto ashikwe mkono, ule mwamba ukiisha umeisha.

Zuhura, 20:36
Haya. Mtae imekatwa 😔 Tukitoka Irente tupite pale shambani kwao tule ule mkate na jibini lao. Hilo halikatwi.

Neema, 20:36
Hilo tunakubaliana wifi.

Zuhura, 20:40
Kuhusu kulala, nimepata nyumba ya wageni nzuri, ina maji ya moto na sehemu ya kuotea moto. Vyumba viwili vinatutosha.

(hakuna aliyejibu)

Shangazi Halima, 21:15
Nyumba ya kaka yangu ina vyumba vinne. Wajukuu zake wanalala hotelini. Jirani wakiniuliza niwajibu nini?

Zuhura, 21:16
Shangazi si hivyo 🙈 ni watoto wengi, tusikuchoshe.

Shangazi Halima, 21:17
Nichoke na nini? Ng'ombe ninaye, kuni ninazo. Njooni.

Hamza, 21:19
Tunalala kwa Shangazi. Zuhura funga hiyo mada kabla hujafukuzwa ukoo.

Zuhura, 21:20
Nimefunga. Ila choo kiko nje, na Yusuf usiku anaamka mara mbili.

Shangazi Halima, 21:22
Ndoo yenye mfuniko, chini ya kitanda. Baba yako alilelewa na ndoo hiyo hiyo.

Salum, 21:22
Hiyo hiyo kabisa?? 😳

JUMATATU

Mama, 07:40
🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

Hamza, 07:58
Niko ndani ya daladala sisikii. Salum tuandikie.

Salum, 08:10
Mama anasema: Wifi yangu Halima usiwasikilize hawa watoto wa mjini. Chumba cha Nasra uweke jiko la mkaa tangu magharibi, uliwashie nje moshi uishe, ukishakuwa mwekundu uingize ndani, ufunge mlango na dirisha, mtoto atalala kama yuko Tanga. Yeye ndivyo alivyowalea wote watatu. Halafu kuna sekunde arobaini anamsema mtu aliyemwazima sufuria, hiyo sijaandika.

Neema, 08:14
Mama samahani sana, hilo la jiko hapana.

Neema, 08:16
Mkaa ukiwa mwekundu moshi hauonekani, lakini hewa mbaya bado inatoka, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Chumba kikiwa kimefungwa mtu anapitiliza usingizini. Mtoto mdogo ndiyo upesi zaidi.

Mama, 08:21
🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Salum, 08:22
"Mbona ninyi hamkufa."

Hamza, 08:22
Mimi kimya. Huyu mke wangu, yule mama yangu.

Shangazi Halima, 09:30
Wifi, ngoja nikwambie jambo ambalo sijalisema humu. Mwaka niliovunja ungo tulilala watatu chumba kile cha nyuma, mimi na binamu zangu, jiko mlangoni. Mwezi wa saba, baridi ya kutisha. Usiku nikaamka nataka kukojoa, nikasimama, miguu ikakataa. Kichwa kinagonga kama kinu. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikausukuma kwa kichwa, nikatapikia kizingitini. Hewa ilivyoingia ndipo nikapata nguvu ya kupiga kelele. Wale wawili wamebebwa nje kama magunia, wamepata fahamu jua limeshatoka. Wazee wakasema tumerogwa. Ng'ombe mzima alichinjwa kwa ajili ya lile jiko.

Shangazi Halima, 09:32
Tangu siku ile jiko la mkaa halilali nyumbani kwangu. Tunaota moto jikoni, milango wazi, tukimaliza kila mtu chumbani kwake.

Zuhura, 09:40
Ya Rabi. Shangazi, miaka yote hii hujatuambia?

Shangazi Halima, 09:41
Mngekataa kuja.

Neema, 09:45
Asante Shangazi 🙏🏽 Nasra nitamvalisha nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine, na soksi. Kitandani hakuna kofia wala blangeti zito la kumfunika uso. Usiku namshika shingoni kwa nyuma, kukiwa na jasho napunguza.

Zuhura, 09:47
Na hawa wakubwa, chupa za maji moto. Yasiwe ya kutokota, chupa inazungushiwa khanga, inapasha kitanda, wakipanda inatolewa.

(Mama ameona. Hajajibu.)

JUMANNE

Hamza, 13:05
Njia. Tunapita Bagamoyo, tunatokea Msata, hatuna haja ya kupambana na malori ya Kibaha. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Siyo saa kumi na moja ya Zuhura, ya kwenye saa.

Zuhura, 13:06
🙄

Hamza, 13:08
Segera tunanyoosha miguu, Mombo tunakunywa chai. Pale ndipo lami inaanza kupanda, kilomita 33 za kona, huku mwamba huku korongo. Nataka tuzimalize mchana. Jioni mafuso ya kabichi yanashuka kwenda Dar, na dereva wa Fuso la kabichi hana breki, ana imani.

Neema, 13:12
Yusuf si ndiye aliyetapika kwenda Morogoro? Na Morogoro hakuna hata kona.

Zuhura, 13:13
Ndiye. Mombo asinywe maziwa. Chai ya tangawizi kidogo na mkate mkavu, basi. Akae katikati atazame mbele, asipewe simu. Ndimu ya kunusa nitabeba.

Neema, 13:14
Na mifuko.

Salum, 13:15
Mifuko gani shemeji, ya plastiki ilipigwa marufuku 2019. Umesahau?

Neema, 13:15
Ile mingine basi, mbadala.

Zuhura, 13:16
Ile ya kitambaa? Inavuja wifi! Niliijaribu kwenda Morogoro. Usiniulize zaidi.

Hamza, 13:18
Kopo la lita tano lenye mfuniko. Salum, kopo ni lako. Kazi yako safari nzima ni hiyo moja.

Salum, 13:19
Degree yangu yote imeishia kwenye kopo. Sawa mkuu.

Salum, 17:50
📷 Picha
Nimepita Karume. Masweta manne ya watoto, mazito, hayana hata doa. Taiti za Rehema. Gambuti za Yusuf zimezidi namba moja, tutaweka soksi mbili. Na mimi nimejipatia huu mzula. Tazameni huo mzula jamani. Sufu tupu.

Neema, 17:52
Shemeji umependeza, unafanana na mwizi wa kuku 😂

Zuhura, 17:53
Yafuliwe leo leo, kwa maji ya moto, yapigwe pasi.

Salum, 17:54
Mzula hauguswi na pasi.

Shangazi Halima, 18:30
Msiniletee mboga. Narudia, msiniletee mboga. Mwaka juzi mtu alitoka Dar na kabichi iliyotoka Lushoto. Leteni nazi kumi, samaki wa kukaanga na dagaa. Na sukari.

Mjomba Rashidi, 18:41
Nazi na samaki nitavileta mimi kutoka Tanga. Tunakutana Mombo saa tano.

Zuhura, 18:44
Shangazi, na ule msitu wa Magamba? Rehema kasoma kuhusu mbega, ananiuliza kila siku kama kweli wana makoti meupe.

Shangazi Halima, 18:50
Wanayo. Ijumaa baada ya swala, mchukue mtu wa kuwaongoza pale getini, mwendo mfupi, Nasra abaki na mimi. Yusuf akichoka akija huku atamkuta kinyonga kwenye uzio wangu, hana kiingilio.

Mama, 18:58
🎤 Ujumbe wa sauti (0:14)

Salum, 19:01
"Kinyonga akiingia ndani ya nyumba mimi narudi Dar usiku huo huo, kwa miguu." Kwa hiyo Mama naye anakuja?

Mama, 19:03
🎤 Ujumbe wa sauti (0:21)

Salum, 19:05
"Nilisema siji? Nimetoka Kariakoo. Nimenunua chupa za maji moto mbili, nyekundu ya Rehema, bluu ya Yusuf. Mwambieni Neema."

Neema, 19:06
❤️ Asante Mama.

JUMATANO

Zuhura, 21:30
Ratiba mpya. Alhamisi kufika, uji, kulala. Ijumaa mbega. Jumamosi Irente saa nane. Jumapili kukaa tu kwa Shangazi na ng'ombe. Jumatatu kushuka. Imebaki hiyo.

Mjomba Rashidi, 21:34
Sasa hiyo ndiyo likizo.

ALHAMISI

Hamza, 05:52
Ndiyo tunatoka. Sitataja jina.

Zuhura, 05:53
Nilikuwa natafuta soksi ya pili!

Salum, 10:25
📷 Picha
Segera. Machungwa haya ni kama yametiwa sukari. Rehema kala manne, Yusuf matatu. Yaliyobaki nimeyamenya nikayaweka kwenye kopo, yasichafue gari.

Neema, 10:26
Kopo gani?

Mjomba Rashidi, 11:40
Niko Mombo na nazi zenu. Naiona Noah inakuja. Mbona kuna mtoto ametoa kichwa dirishani?

Shangazi Halima, 13:05
Mmefika wapi? Uji uko mekoni.

Hamza, 13:20
Tumesimama Soni, kwenye maporomoko. Wote wazima. Yusuf katapika kona ya tatu kabla ya kufika.

Shangazi Halima, 13:21
Pole mwanangu. Kwenye kopo?

Zuhura, 13:22
Kopo lilikuwa limejaa machungwa, Shangazi.

Shangazi Halima, 13:22
Kwenye nini sasa?

Neema, 13:24
📷 Picha

Shangazi Halima, 13:27
Huo mzula msiutupe. Maji ya moto yapo, nitaufua. Haya pandeni, ukungu umeanza kurudi.