Waajiri wa hoteli Malindi na Lamu, SHA si kisingizio cha kufuta bima ya kazini!

Wadau, naufungua uzi huu kwa hasira. Barua zinazosambazwa kwenye hoteli zetu kuanzia Malindi hadi Lamu ni zile zile: bima ya matibabu ya kampuni ikiisha haitalipiwa tena, "kwa kuwa serikali imeleta SHA na gharama za mwajiri zimepanda" (SHA ni mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia bima ya afya). Huo ni uongo, na hesabu zake ziko wazi.

Mchango wa SHIF, mfuko wa bima ulio chini ya SHA, ulioanza Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na wote unatoka mfukoni mwa mfanyakazi. Mwajiri haongezi hata ndururu. Kazi yake ni kukata na kupeleka kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kama gharama zimempanda, ni za NSSF (akiba ya uzeeni), ambayo kweli analipa sawa na mfanyakazi na kiwango chake kilipandishwa Februari 2025, na ile tozo ya asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Basi aseme NSSF. Asiibebeshe SHA mzigo usio wake.

Tena walioumizwa na mabadiliko haya si wa chini. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 za NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, leo anakatwa 550. Wa 40,000 alikatwa 1,000, leo 1,100. Wa 250,000 ndiye aliyetoka 1,700 hadi 6,875, maana hakuna tena kikomo cha juu. Uchungu wa meneja usigeuzwe sababu ya kumnyang'anya dobi kadi yake ya bima.

Sasa tuangalie kinachopotea. Chini ya NHIF mfanyakazi alichagua hospitali ya kutibiwa bila kulazwa. Siku hizi matibabu ya kwenda na kurudi yanalipiwa kwenye zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, kutoka Mfuko wa Afya ya Msingi. Ukienda hospitali ya ngazi ya 4 kumwona daktari na kuchukua dawa, toa pesa. Mtoto mwenye homa usiku, mpishi mwenye presha anayehitaji dawa kila mwezi: hawa ndio waliokuwa wakiitumia kadi ya kampuni. SHIF inamfaa anayelazwa, anayejifungua (10,000 kwa njia ya kawaida, 30,000 kwa upasuaji) na anayesafishwa damu. Haiwezi kushika nafasi ya kadi ile.

Hata hoteli ambazo hazijafuta bima zina tatizo lingine, na wengi hulijua wakiwa dirishani pa kulipia. Bima binafsi hupanga bei ikihesabu kwamba SHA italipa fungu lake kwanza. Ukilazwa siku 5 hospitali ya ngazi ya 4, kitanda ni 3,360 kwa siku, yaani 16,800 za SHA, na bima inalipa kinachobaki. Mwajiri akichelewesha mchango, akaunti yako inasoma haijalipiwa. Bima inasema hizo 16,800 si zake, hospitali haikuachii mpaka zilipwe. Nani anabaki nazo? Wewe uliyekatwa mshahara!

Ujanja mwingine ni "posho ya matibabu". Hoteli inafuta bima na kukuongezea, tuseme, 3,000 kwa mwezi. Bima anayokulipia mwajiri haikatwi kodi kwako, lakini posho ni mshahara. Inakatwa asilimia 2.75, asilimia 1.5 ya nyumba, NSSF, kisha kodi. Kwa mwenye mshahara wa 40,000, kwa viwango vya 2025, inamfikia kama 1,900 hivi. Aende nazo kwa wakala wa bima aone atapewa nini kwa familia ya watu watano. Mwenye sukari au presha atawekewa kipindi cha kungojea kabla ya kulipiwa matibabu, ambacho kwenye bima ya kundi mara nyingi kilikuwa kimeondolewa, kwa kuwa hatari ilikuwa imegawanywa kwa watu wengi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: mgonjwa ndiye wa kwanza kuangushwa.

Usisahau ajali za kazini. Aliyeungua jikoni au aliyeteleza gatini akishusha mizigo si wa kupelekwa kwa SHA. Hiyo ni ya sheria ya fidia ya 2007, na bima yake ni jukumu la mwajiri peke yake. Ukiona ofisi inakuhimiza uandikishe "ugonjwa", kataa.

La kufanya sasa. Piga *147# uone kama mwezi uliopita umelipiwa, na kama mke au mume na watoto wameunganishwa kwenye akaunti yako. Usingoje siku ya kulazwa. Tunza slipu zote za mshahara, kwa sababu slipu inayoonyesha makato na akaunti isiyo na malipo ndiyo ushahidi. Sheria ya Ajira kifungu cha 19 inasema aliyekata na asipeleke ametenda kosa: faini hadi 100,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Na bima ikiwa imeandikwa kwenye mkataba, kifungu cha 10 kinamtaka ashauriane nawe kabla ya kuibadilisha. Barua ya kubandikwa ubaoni si mashauriano. Mwandikie, baki na nakala iliyopigwa muhuri, kisha nenda kwa afisa wa leba.

Wafanyakazi wa msimu ndio wamo hatarini zaidi. Hoteli ikifungwa masika, mchango unakatika, na aliyesimamishwa anahesabiwa kama mtu asiye na ajira rasmi: makadirio ya kipato, kisha mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua 3,600. Mwezi wa Mei nani anazo? Hoteli zilizovuna Desemba zinaweza kuwalipia wafanyakazi wao mchango wa miezi mitatu, na hilo liingie kwenye mkataba kabla ya kusainiwa msimu ujao. Mliomo kwenye kamati za wafanyakazi, kuna hoteli yoyote iliyokubali kipengele hiki? Wekeni hapa maneno yake kama yalivyoandikwa, jina la hoteli mliache.