Kifaa cha Tangi Kimekwama

Kijana, saa 1:12 usiku
Habari za jioni, wapendwa. Mjomba, kile kifaa cha kupimia maji ya tangi hapa plotini Umoja kimenishinda. Niliiunda upya kerneli ya Linux ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja inayokiendesha, nikapunguza nilivyodhani havihitajiki ili kiwake haraka, na sasa kinakwama kikisema hakikuweza kupachika mfumo wa faili wa mzizi, yaani ule mkuu wenye faili za mfumo wote. Je, nimeiunguza bodi?

Mjomba, saa 1:15
Hujaiunguza. Bodi iliyoungua haikuandikii chochote. Ninakilie tarakimu zilizo ndani ya mabano mwishoni mwa ujumbe huo.

Kijana, saa 1:16
Ni 179 na 2.

Mama Mdogo, saa 1:18
Kaka, kabla hamjaendelea, naomba nielezwe kerneli ni nini, maana nimekuwa nikisikia habari za mfumo endeshi peke yake.

Mjomba, saa 1:24
Dada, kerneli ndiyo kiini cha huo mfumo endeshi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuigusa moja kwa moja kadi ya kuhifadhia faili wala kuingilia kumbukumbu ya programu nyingine. Ikitaka kusoma faili hupeleka ombi, prosesa ikahama kutoka hali yenye mipaka hadi hali yenye mamlaka yote, kerneli ikalishughulikia ombi hilo na kurudisha jibu. Linus Torvalds alianza kuiandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, kwa ajili ya kompyuta yake ya Intel 386, na leo imo hata ndani ya simu yako ya Android.

Mpwa wangu, 179 ni namba ambayo Linux huzipa kadi za SD, na 2 ni sehemu ya pili ya kadi hiyo. Kwa hiyo kadi imeonekana. Kinachokosekana ni ujuzi wa kuisoma. Ungeniandikia sufuri mbili, ningesema kerneli haikuiona kabisa. Ulipokuwa ukichagua vipengele vya kerneli, ext4, yaani kile cha kusoma mpangilio wa faili wa sehemu hiyo ya pili, uliiwekea alama gani?

Kijana, saa 1:26
Niliiwekea M, iwe moduli.

Mjomba, saa 1:33
Basi tatizo ni hilo. Alama ya Y hukiingiza kipengele ndani ya kerneli yenyewe, ilhali M hukifanya kuwa faili la pembeni la kupakiwa baadaye. Faili hilo umelihifadhi kwenye sehemu ileile ya pili, ambayo haisomeki bila ext4, kwa hiyo umeufungia ufunguo ndani ya sanduku. Sehemu ya kwanza ni ya FAT, mpangilio mwingine wa faili, na husomwa na programu ya kuwashia ya bodi, ndiyo maana kerneli ilifika kwenye kumbukumbu bila shida. Weka Y, uiunde tena, uinakili kwenye sehemu ya kwanza, na ile ya zamani uibadilishe jina badala ya kuifuta, ili uwe na pa kurudi. Wako wanaotumia initramfs, yaani mfumo mdogo wa faili unaopakiwa pamoja na kerneli, lakini kwa kifaa cha kazi moja mimi sioni haja yake.

Kijana, saa 3:05
Mjomba, kimewaka! Sasa ninaunganisha kipima-umbali cha HC-SR04 nilichokinunua Luthuli Avenue. Je, kerneli itakitambua yenyewe kama inavyoitambua kibodi ya USB?

Mjomba, saa 3:07
Zima umeme kwanza, tafadhali. Kipima hicho hurudisha ishara ya volti 5, na pini za bodi yako zimeundwa kwa volti 3.3, hapo ndipo unapoweza kuiunguza kweli. Weka vipingamizi viwili vya kuigawa volti hiyo.

Kuhusu swali lako, kibodi ya USB hujitambulisha inapoulizwa, lakini waya uliochomekwa kwenye pini hausemi lolote. Ni programu yako itakayotaja namba za pini, au, ukitaka kutumia kiendeshi cha kerneli, utaziandika katika mti wa vifaa (device tree), yaani maelezo ya vifaa vilivyounganishwa ambayo kerneli hukabidhiwa inapowashwa.

Mama Mdogo, saa 3:10
Vipingamizi ninavyo kwenye ile redio mbovu. Njoo uvichukue kesho asubuhi, mwanangu, na usiguse pini yoyote usiku huu.