Seva ya muziki nyumbani au strimingi: nyimbo mpya zitatoka wapi?

Katuba_Gita

Bakubwa, jambo yenu. Kuna laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4, diski ya nje ya TB 1, na nyimbo kama 9,000 zilizotoka kwenye CD, kaseti na flashi za watu. Mpango ni kuweka humo Navidrome, programu inayoifanya kompyuta kuwa seva ya muziki wako, na kuacha kulipia strimingi, maana forfe (kifurushi cha intaneti) inaisha kabla mwezi haujafika katikati, na umeme wa hapa Lubumbashi mnaujua. Kinachonizuia ni kimoja tu: strimingi ndiyo inayonionyesha wanamuziki nisiowajua. Seva itanirudishia kile kile nilichoiwekea. Ninyi wenye seva, nyimbo mpya mnazipata wapi? Na je, mega (data) zinazookolewa zinatosha kulipia usumbufu wote huo?

Fundi_Kampemba

Mega kwanza. Sauti ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 160 inakula MB 72 kwa saa, ya kbps 320 inakula MB 144. Saa mbili kila siku kwa 160 ni GB 4.3 kwa mwezi. Kwa 320 ni GB 8.6. Seva ikiwa nyumbani na simu ikapitia Wi-Fi ya nyumbani, hesabu ni sifuri, hata kama ruta haina intaneti siku hiyo. Kwenye kivinjari unaandika anwani ya laptopu, nukta mbili, 4533, unasikiliza.

Ukitoka nje ya nyumba ni habari nyingine. Intaneti nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya umma, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii kitu. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, inapita hapo bila shida, ila forfe inaliwa pande zote mbili: nyumbani seva inatuma, simu inapokea. Afadhali upakue albamu kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Ukilazimika kusikiliza kutoka mbali, iambie Navidrome igeuze faili kuwa Opus (aina ya faili ndogo ya sauti) ya kbps 96, karibu MB 43 kwa saa. Hiyo inahitaji ffmpeg, programu ya kugeuza sauti, iwe imewekwa.

RAM ya GB 4 ni nyingi kupita mahitaji, Navidrome ni nyepesi. Betri ya laptopu, hata ikiwa imechoka na kubaki na dakika ishirini, inatosha kuizima mashine kwa utaratibu. Angalia diski zaidi. Kama ni ile kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya ukutani, umeme ukikatika laptopu inabaki hai lakini diski inatoweka, na seva ikipitia folda wakati huo inahesabu nyimbo kuwa zimepotea. Tumia ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB ya laptopu. Iwe na mfumo wa faili wa ext4 (wa Linux), si exFAT: exFAT haina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, la kuikinga umeme unapokatika ghafla. Na kwenye faili ya Linux /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga kifuniko mashine inalala na muziki unakatika.

Santuri_Kamalondo

Fundi ameeleza mitambo, mimi nashika lile la nyimbo mpya.

Usiitegemee seva ikugundulie kitu. Ile sehemu ya wasanii wanaofanana ndani ya Navidrome inachukua majina kwenye tovuti ya Last.fm, lakini kwa kawaida inakuonyesha wale tu ambao tayari unao. Kusikiliza na kutafuta ni kazi mbili. Strimingi imezifunga pamoja ili uone huwezi kuipata moja bila kulipia nyingine.

Fungua akaunti ya bure ListenBrainz, tovuti inayoweka rekodi ya unachosikiliza, chukua tokeni (msimbo wa siri) yake, ibandike kwenye mipangilio yako binafsi ndani ya Navidrome. Kila wimbo unaousikiliza unarekodiwa. Intaneti ikikatika, seva inatunza rekodi na kuituma ikirudi. Rekodi zikishakuwa nyingi utaanza kupendekezewa nyimbo usizowahi kusikia. Ukisoma majina tu bila kucheza sauti, mega zinazotumika ni kidogo sana.

Tatizo ni hili: ListenBrainz inakuelewa tu kama majina yako yanalingana na ya MusicBrainz, hazina ya wazi ya majina ya wasanii na nyimbo. Chukua mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Kwenye flashi utamkuta kama Bosco Mwenda, Mwenda Jean-Bosco na Mwenda wa Bayeke. Kwa seva hao ni watu watatu, na kila mmoja anaonekana amesikilizwa kidogo. Franco wa rumba ana balaa hilo hilo: mara OK Jazz, mara TPOK Jazz, mara jina lake peke yake. Kwa hiyo pitisha kila kitu kwenye Picard, programu ya MusicBrainz ya kurekebisha majina, kabla ya kuunganisha ListenBrainz. Anza na Cluster (inakusanya faili za albamu moja), halafu Lookup (inatafuta kwa majina). Scan, inayotambua wimbo kwa sauti yenyewe, iachie faili zisizo na jina lolote, kwa sababu ukiianza hiyo, nyimbo za albamu moja zinaweza kutawanyika kwenye mikusanyo kumi. Na ujaze sehemu ya msanii wa albamu (Album Artist), ama CD ya wasanii kumi na wawili itagawanyika kuwa albamu kumi na mbili.

Kwa muziki wa zamani wa kwetu hakuna mashine inayoshinda kufuata lebo ya santuri. Ukimpenda Mwenda, fungua lebo yake Gallotone kwenye Discogs, tovuti ya orodha za santuri, uone ni nani wengine walitolewa huko. Kwa rumba fuata lebo za Ngoma na Loningisa za Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwenye Gallotone, mpiga gitaa Edouard Masengo utamkuta mapema sana kuliko orodha yoyote ya kila wiki.

Ruashi_Ampli

Yaya Santuri, kwa muziki wa zamani sibishi. Ila huyu hakusema anataka wa zamani tu. Kwa nyimbo zilizotoka Ijumaa iliyopita Lagos au Dar es Salaam, Discogs itakuchelewesha. Lipia strimingi mwezi mmoja, acha miwili. Mwezi wa kulipia, usisikilize albamu unazozijua, sikiliza mapya peke yake na uandike majina; unayoyapenda uyanunue Bandcamp (duka la muziki mtandaoni) kama yapo, hapo unapata FLAC (faili ya sauti isiyopoteza ubora) ya kuweka kwenye seva. Usijaze simu nyimbo za Spotify ukidhani utabaki nazo: inabidi uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na usajili ukiisha zinafungwa.

Katuba_Gita

Aksanti sana wote. Diski ni ya inchi 2.5, hapo salama. Nimejaribu Picard: CD zimekubali, kaseti karibu zote zimekataa hata kwa Scan. Kwa nini?

Santuri_Kamalondo

Mwendo wa deki. Alama ya sauti inayotumiwa na Picard inategemea kimo cha noti na muda, na deki ya zamani ikikimbia asilimia 3 tayari noti zimepanda karibu nusu ya semitoni. Tafuta ndani ya kaseti wimbo mmoja unaojua urefu wake halisi. Kama ni sekunde 240 na wewe una 232, gawa 232 kwa 240: 0.967. Weka namba hiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, pale pa kubadilisha kasi pamoja na kimo, kwa upande mzima wa kaseti, kabla ya kuukata nyimbo moja moja. Zitakazokataa bado, huenda hazimo kabisa kwenye hazina yao. Ziandike wewe mwenyewe MusicBrainz, akaunti ni ya bure.