Mizani janja ya waifai, ya Bluetooth au ya kawaida? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Mtoto wa Makorora:
Wakuu, salaam. Nataka kununua mizani ya kupimia uzito, zile za kioo za bafuni zinazotuma kipimo kwenye simu. Bajeti yangu haizidi laki tatu. Nimezunguka Kariakoo na mtandaoni, nimebaki na aina tatu kichwani: ya waifai (Withings au Eufy), ya Bluetooth tu (Xiaomi au Renpho), au niachane na makuu nichukue ya kawaida ya elfu thelathini. Kinachonitisha ni maoni ya wanunuzi. Kila nikifungua ya waifai nakuta watu wanalia kwamba haishiki mtandao. Mliozitumia, ipi haina presha?

Waya Mwekundu:
Ruta gani? Inatoa bendi mbili (yaani masafa mawili ya waifai) au moja? Simu ni Android au iPhone? Watakaopanda hiyo mizani ni wangapi? Bila hayo hapa tutapiga ramli tu.

Kibarua Mkuu:
Hata hiyo elfu thelathini ni nyingi. Vijana wa mizani wanapita mpaka kijiweni, unapanda, unalipa mia tatu, na urefu unaambiwa juu. Haina pasiwedi.

Namba Tasa:
Xiaomi ya Bluetooth, funga mjadala. Betri nne ndogo za AAA na unazisahau. Kama una Android, weka openScale, ni programu huria, ina orodha ya mizani inazozielewa. Vipimo vinabaki kwenye simu yako, haviendi kwenye seva ya mtu yeyote. Waifai kwenye mizani ni mbwembwe. Uzito sio habari ya dharura hata iruke angani sekunde hiyo hiyo.

Likoni Feri:
Mie niko Mombasa na ninakimbia, kwa hiyo nasema kwa mazoea. Ya Bluetooth nilikuwa nayo. Kila asubuhi uwe na simu mkononi, ufungue programu kwanza, ndipo upande. Ukisahau simu chumbani, kipimo ama kimepotea ama kinangoja hadi simu ije karibu. Sasa natumia Garmin Index S2, napanda, nashuka, naenda zangu kuoga. Nikifungua simu mchana namba iko pale. Bei yake lakini si ya laki tatu, hilo nakubali.

Bibi Chachandu:
Ngojeni niwasimulie, mie yalinikuta. Mume wangu aliniletea mizani ya waifai, chapa siitaji. Nikapakua programu yake. Inataka nijisajili, inataka barua pepe, inataka niwashe Bluetooth, inataka niwashe na mahali nilipo. Nikajisemea haya, labda mizani inataka kujua kama napimia Mbezi au Mbagala. Nikaikubalia yote. Ikaonyesha jina la waifai yetu, nikaandika pasiwedi, kikaduara kikazunguka weee, halafu: imeshindikana, jaribu tena. Kwa nini imeshindikana, haisemi.

Sasa balaa la hii mizani, usipoigusa kidogo tu inazima. Kwa hiyo mguu mmoja uko juu ya kioo usiku huo ili isilale, mkono mmoja umeshika ukuta, mkono wa pili unaandika pasiwedi yenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama ya reli aliyoiweka fundi. Ukimaliza kuandika, imeshazima. Mwanangu akasema mama, ruta iko mbali, tuisogeze. Tukaipeleka sebuleni chini ya ruta kabisa. Haikushika. Wageni wakapiga hodi, wakanikuta nimesimama mguu mmoja mbele ya kabati la TV kama korongo.

Nikapiga simu dukani. Kijana akaniuliza, ruta yako ni 5G? Nikamwambia fundi alisema ina 5. Akajibu basi hiyo ni nzuri zaidi, endelea kujaribu. Aliyetuokoa ni shemeji yangu. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akatenganisha bendi, moja akaiita Nyumbani na nyingine Nyumbani_5, simu yangu akaihamishia kwenye Nyumbani, na mizani ikashika hapo hapo. Tukashangilia nyumba nzima! Hazikupita siku nyingi kampuni ya mtandao ikaja kubadilisha ruta, wakaweka jina lao jipya, mizani ikarudi kuwa bubu. Sasa hivi iko chini ya kitanda na mimi najipimia duka la dawa.

Kibarua Mkuu:
😂😂 Mia tatu tu mama, mia tatu.

Waya Mwekundu:
Bibi Chachandu, pasiwedi yako haikuwa na tatizo. Karibu mizani zote za waifai, ziwe Withings, Eufy au hiyo Garmin ya ndugu wa Likoni, zinaona bendi ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta za siku hizi zinatangaza jina moja kwa bendi zote mbili na ruta yenyewe ndiyo inaamua nani aende wapi. Simu ikiwa karibu inapelekwa kwenye bendi ya gigahezi 5 kwa sababu ina kasi. Programu nayo inachukulia simu ilipo ndipo mizani itakapoingia, kumbe mizani huko haioni kitu. Na hiyo 5 ya ruta haihusiani hata kidogo na 5G ya laini za simu. Kijana wa dukani alichanganya mafaili.

Jambo lingine ni ulinzi. Ruta ikiwekwa WPA3, ule ulinzi mpya wa waifai, peke yake, mizani nyingi zinagoma. Weka WPA2, ule wa zamani kidogo, au ule mchanganyiko wa zote mbili. Wale wa hosteli na apatimenti ambako waifai inafungua kwanza ukurasa wa kujaza namba ya chumba, sahauni kabisa, mizani haina pa kuandikia.

Na la ruta kubadilishwa: ipe ruta mpya jina lile lile la zamani na pasiwedi ile ile, herufi kwa herufi. Vifaa vyote vya nyumbani vitarudi vyenyewe bila kuvigusa.

Bibi Chachandu:
Mbona wale mafundi waliokuja hawakuniambia hilo? Walikaa hapa, wakanywa na chai! Jina la zamani nalikumbuka, ngoja kesho nimwite shemeji.

Likoni Feri:
Nyongeza kwa wa iPhone. Ukitaka kujaribu mizani kwa hotspoti ya simu, kuanzia iPhone 12 hotspoti inatoka kwenye 5 hadi uwashe ile swichi inayoandikwa Maximize Compatibility. Usipoiwasha utakesha.

Kibarua Mkuu:
Mleta mada yuko wapi? Kaulizwa maswali manne kaingia mitini.

Mtoto wa Makorora:
Nipo wakuu, nilikuwa kazini. Kuna kitu sikukieleza. Mizani sio yangu. Ni ya mama, yuko Tanga, mimi niko Dar. Moyo wake unamsumbua, daktari amesema ajipime kila siku asubuhi na uzito ukipanda ghafla tuwapigie. Tatizo nikimpigia kumuuliza ananijibu "ni ile ile ya jana". Kila siku ni ile ile ya jana! Mwezi uliopita amevimba miguu na bado ni ile ile ya jana. Ndiyo maana nataka namba ije kwangu moja kwa moja. Na simu yake ni kiswaswadu.

Waya Mwekundu:
Sasa mkuu, hicho si ndicho ulitakiwa kuanza nacho? Nusu ya uzi huu imekwenda bure. Kama mama hana simu janja, Bluetooth imetoka kwenye mashindano. Ile inahitaji simu ya kupokea, tena yenye programu, tena karibu. Ya waifai inahitaji simu siku ya kufunga tu. Ukishamaliza unarudi Dar na simu yako, mama anapanda, namba inakuja kwenye akaunti yako huku uliko.

Namba Tasa:
Naondoa niliyosema kuhusu dharura. Pole kwa mama. Bado sipendi habari ya moyo wa mtu kukaa kwenye seva ya ughaibuni, lakini hapa sina mbadala.

Sista wa Zamu:
Mimi ni muuguzi, nizungumzie upande wa mgonjwa. Ajipime asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, na nguo nyepesi zinazofanana kila siku. Mizani iwe ile ile na ikae sehemu ile ile kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia inadanganya. Ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu huwa ni maji yanayojaa mwilini, na hapo hamsubiri kliniki ya mwezi, mnapiga simu. Kama daktari wake amewapa kiwango tofauti, fuateni cha daktari.

Pili, ana betri ya moyo kifuani, ile pacemaker? Hizi mizani zenye vibati vya chuma zinapitisha umeme mdogo mguuni ili kukadiria mafuta. Kwa mwenye betri ya moyo watengenezaji wenyewe wanakataza. Baadhi zina namna ya kuzima hicho kipimo ukabaki na uzito tu.

Tatu, anaishi na nani?

Mtoto wa Makorora:
Betri hana, asante dada. Anaishi na binti wa kazi na wajukuu wawili.

Sista wa Zamu:
Basi angalia. Mizani hizi zinamtambua mtu kwa kilo zake. Kama binti na mama wanakaribiana, siku binti akipanda utaona kwenye simu kwamba mama kapungua kilo tatu na utafunga safari ya Tanga bure.

Likoni Feri:
Na wajukuu watapima ndoo. Wangu walipima mbuzi wa Idi.

Ila Namba Tasa, hiyo asilimia ya mafuta unayoidharau mie yanisaidia sana. Imeshuka tangu nianze kukimbia.

Namba Tasa:
Sijaidharau, wewe ndiye umeianzisha. Kunywa maji lita moja sasa hivi kisha panda tena uone mafuta yako yanavyohama. Mizani inapima jinsi umeme unavyopita, halafu inachukua umri, urefu na jinsia uliyojaza, inapiga hesabu. Ni makadirio.

Likoni Feri:
Makadirio, lakini ukipima saa ile ile kila siku waona yanakoelekea. Mbona hata hiyo Xiaomi yako yaitoa?

Namba Tasa:
Inaitoa, siiangalii. Na suala la seva halijaisha. Withings ilinunuliwa na Nokia mwaka 2016, mwaka 2018 ikarudi kwa mwanzilishi wake. Katikati hapo Nokia ilizima kipimo kimoja cha mishipa kwenye mizani ambazo watu walikuwa wameshalipia. Unanunua kioo, kilichomo ndani kinabaki cha kampuni.

Kibarua Mkuu:
Mama wa watu anaumwa, nyie mnagombania mafuta. Mleta mada, nunua ya kawaida yenye namba kubwa, mpe binti daftari na simu ndogo yenye kamera, kila asubuhi akutumie picha ya mizani mama akiwa juu yake. Ile ile ya jana haitasemwa tena.

Bibi Chachandu:
Hapo Kibarua leo umenena. Ila binti akiondoka? Mabinti wa siku hizi unaamka hayupo.

Waya Mwekundu:
Turudi kwenye ruta. Tanga mna mtandao gani? Hujajibu tangu jana.

Mtoto wa Makorora:
Kuna ruta ndogo ya laini, ile ya kuchaji. Ni ya kaka yangu, anaishi nyuma ya nyumba. Ijumaa jioni anaondoka nayo kwenda Muheza, anarudi Jumatatu.

Waya Mwekundu:
😅 Kwa hiyo moyo wa mama una mtandao siku za kazi tu.

Nyingi za waifai zinahifadhi vipimo kadhaa na kuvituma mtandao ukirudi, ila ukivipata Jumatatu faida yake imepungua. Kwanza mnunulie mama ruta yake ya laini. Bando la mizani ni dogo sana, kitakachomaliza bando ni wajukuu, kwa hiyo pasiwedi usimpe mtu. Umeme ukikatika ile ya kuchaji inaendelea kidogo. Halafu ndipo tuongelee Withings au Eufy.

Mtoto wa Makorora:
Ruta, bando la kila mwezi, na mizani. Laki tatu imeshapita hapo. Jumamosi naenda Tanga, nitaongea na kaka kwanza kuhusu hiyo ruta. Wazo la picha binti nitamjaribu nalo, ingawa mama hapendi kupigwa picha.

Sista wa Zamu:
Apige miguu na namba, si uso. Na muulize mama mwenyewe kwa nini hataki kusema.

Dalali wa Sinza:
Ninayo Eufy imetumika kidogo, boksi lipo. Mwenye kuhitaji aje PM.

Waya Mwekundu:
Inashika waifai?

Dalali wa Sinza:
Betri zake mpya kabisa mkuu.

Bibi Chachandu:
Jamani shemeji kaja, kaweka jina la zamani, friji na TV vimerudi vyenyewe. Mizani inasoma Lo. Lo ndiyo nini tena?

Waya Mwekundu:
Betri zimekwisha, badilisha zote kwa pamoja.

Mzigo wa Tandale:
Samahani kwa kutoka nje ya mada, printa yangu nayo haioni waifai tangu ruta mpya ije. Nayo ni hizo bendi?

Waya Mwekundu:
Printa gani? Ruta gani?