Kikao cha kuhakiki riwaya: mwandishi awepo au asiwepo?

Msomaji wa Ngamiani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Hapa Tanga tunaandaa kikao cha kuhakiki riwaya mpya ya kurasa 180. Wasomaji tuko 9, muda saa mbili. Mtunzi ni mtu wa hapa hapa na anataka kuja. Wapo wanaosema akiwepo tutamwonea haya tuishie kusifu. Wapo wanaosema kumjadili hayupo ni kumsengenya. Tufanyeje?

Mhariri, Chumbageni
Marahaba. Aje, ila saa nzima ya kwanza asiseme neno. Mtunzi akianza kueleza alichokusudia, watu wanaacha kitabu wanajadili nia yake, na nia haimo kurasani. Msomaji wa Mbeya atakayenunua nakala hatakuwa na mtunzi pembeni wa kumfafanulia.

Mpeni daftari, kila ukurasa augawe safu mbili. Moja ya makosa ya wazi: jina la mhusika limegeuka, umri haukubaliani na miaka iliyotajwa, masika yamenyesha Agosti. Hayo anayasahihisha bila ubishi. Safu ya pili ni rai za wasomaji. Hizo azilaze wiki mbili kabla ya kugusa mswada wake ujao. Watu watano wakikwama sura ileile, sura hiyo ina ugonjwa, hata kama dawa waliyoitaja siyo.

Kila msemaji ataje ukurasa. "Lugha nzito" haimsaidii mtu. "Uk. 64, aya ya pili, sikujua nani anasema": hapo mtunzi ana pa kushika. Na kitabu kisomwe mara mbili. Kukisoma usiku wa kuamkia kikao ni waja leo waondoka leo.

Mwalimu wa Fasihi, Pongwe
Naunga mkono, ila kuna jambo linaniuma. Wengi tumelelewa na uhakiki wa mtihani: dhamira, migogoro, falsafa, muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Orodha hiyo ni ya kujibia swali. Ukiifanya pishi ya kupimia kila kitabu, vingine utavidhulumu.

Chukueni *Kusadikika* ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo jirani. Anayemlaumu kwamba Majivuno, waziri anayemshtaki Karama, ni mhusika bapa, yaani wa sifa moja asiyebadilika, amekosea kipimo. Jina lenyewe limeshasema: huyu ni sifa iliyovishwa kanzu, na kitabu kizima ni istiara ya utawala. Ulizeni badala yake: Karama anaposhtakiwa kwa kufundisha sheria, akajitetea kwa habari za wajumbe sita, je, kila mjumbe anaongeza uzito wa hoja au ile ya kwanza inarudiwa? Hapo mnaweza kumkosoa kwa haki, na kwa maoni yangu mtapata cha kusema.

Na ule msemo kwamba mhakiki ni mtunzi aliyeshindwa tuuache. Mtunzi Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya *Rosa Mistika* 1971, na tasnifu yake ya uzamili ya 1976, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu riwaya za Shaaban Robert. *Nagona* yake ya 1990, ukiipima kwa orodha ile ya mtihani, kwenye muundo, yaani msuko wa matukio, na mandhari utapata kidogo mno cha kuandika, na kosa si la kitabu.

Mtunzi, Raskazone
Nyongeza kuhusu mandhari. Mtunzi wa Tanga akiandika "Barabara ya 9" ya Ngamiani, sisi tunaona mtaa mzima. Msomaji wa mbali anaona namba. Wote wawili wako sawa. Katika kikao muulizeni asiyeijua Ngamiani alikuwa anaona nini pale. Mara nyingi kitu kimoja kinatosha: baiskeli zilizoegemezwa ukutani, sufuria ya supu ya pweza jioni.

Msomaji wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Na akikataa kunyamaza hiyo saa?

Mhariri, Chumbageni
Basi kaeni bila yeye, mmoja wenu aandike yote pamoja na namba za kurasa, mumpelekee karatasi hizo kesho yake. Majina ya wasemaji msiyaandike.